Swali Wakati wa Sala

Siku hizi nyumba ikikuuliza jambo kwa kidude cha kampuni nawe ukakaa kimya, umekubali. Ndiyo maana mtaani kwa Bi Mwanakheri watu hawaishi kujibu, hata tonge likiwa mdomoni utawasikia, "Hapana! Hapana!" Sheria imeikataza kampuni kumuuliza mtu aliyelala. Anayesali haikumtaja.

Magharibi moja Bi Mwanakheri alitandika msala kando ya kitanda alicholala mjukuu wake, Thuraiya. Mara tu alipofunga sala kwa "Allahu Akbar", kidude cha kampuni kilichopo ukutani kikaamka.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri. Tunaomba ruhusa ya kuuza sura na sauti ya Thuraiya."

"Hapana!" akapaza sauti, na sala ikabatilika.

"Ahsante kwa kutujibu."

Akaanza upya. Alipofika kwenye sijida, swali likarudi, kwa adabu ile ile. Akajibu, akaanza tena, machozi yakilowesha msala, mpaka wakati wa Magharibi ukampita hajatoa salamu ya kumaliza sala.

"Pole sana, bibi," kidude kikasema. "Tutakuuliza tena ukisali Isha."