Kiti cha Tadokoro

Shiraishi alikuwa amepiga magoti chini ya meza, futi kamba mkononi, akipima miguu ya mtu aliyelala.

Kwamba Tadokoro amesinzia kazini, hilo halikumshangaza yeyote. Katika ofisi ile ya bima pale Osaka, anayesinzia mezani ndiye aliyejimaliza kwa ajili ya kampuni, na kumwamsha ni kumkosea adabu. Kaketi wima, mikono kaikunja kifuani, kidevu kimelalia tai. Wenzake walimpita wakinyata.

"Tumemkuta hivyohivyo," alinong'ona Mizuguchi wa meza ya jirani. "Mzee jana hakurudi kwake. Anautafuta ukurugenzi kwa usingizi."

"Nyamaza wewe, utamwamsha."

Kazi ya Shiraishi ilikuwa kurekebisha viti na meza ili watu wasiumie. Kwa miezi mingi alikuwa akimwambia bosi Kuramochi kwamba Tadokoro anaharibika: kiti kirefu, miguu inaning'inia, skrini iko chini, shingo imepinda, mikono inakufa ganzi. Bosi alikuwa akimjibu kwa miayo. Leo asubuhi, bosi huyohuyo kampigia simu mwenyewe.

"Njoo umtengenezee sasa hivi, dada. Ila usimsumbue, mwache apumzike."

Shiraishi nusura alie kwa furaha. Alikimbia hata chai hajamaliza.

Akavuta wenzo. Kiti kikashuka taratibu na mwenyewe juu yake, mpaka soli zikagusa sakafu. Akainua skrini. Akasogeza kibodi karibu.

Ukabaki mto wa kiunoni. Alipomsukuma Tadokoro mbele kidogo ili auingize, mgongo ulikuja mzimamzima kama ubao.

"Mama yangu, misuli imekaza hivi! Ningechelewa wiki moja tu, angelemaa huyu."

"Na hakoromi," Mizuguchi alisifu. "Mimi hapo ningeshalowesha tai kwa mate."

"Wewe unachoka na nini? Kusengenya?"

Mizuguchi aliziba mdomo asicheke. Bosi Kuramochi, aliyekuwa amesimama nyuma yao muda wote, hakucheka.

"Piga picha," alinong'ona. "Kiti, skrini, mto. Vionekane vizuri."

Shiraishi akapiga, kisha akarudi nyuma kuitazama kazi yake. Hatimaye Tadokoro alikuwa amekalishwa kama binadamu. Kwa mgongo ule, akipumzishwa na kiti kama hiki, pengine atapona.

"Akiamka atajiona kijana," alisema.

"Picha zimetoka?"

"Zote, bosi."

Kuramochi akaweka tai yake sawa. Safari hii hakunong'ona.

"Haya, pigeni simu waje wamchukue. Na mjane wake akiuliza, kiti kilikuwa hivi tangu Aprili."