Kadzo na Kata ya Mnazi

Mara ya tisa, Kadzo wa kwenye video alikwama palepale: amepiga magoti, kata ya mnazi mikononi, leso kichwani, macho chini. Kimya.

"Umeona?" Ngala alimgeukia fundi. "Si nilikwambia? Humu ndani ya kompyuta mna shetani."

Fundi Kimani alijikuna kidevu. "Hii kitu imehengi, mzee."

"Kitu hiki," Ngala akamsahihisha. Kompyuta mbovu na Kiswahili kibovu kwa siku moja hakuviweza.

Kadzo mwenyewe, yule asiyekwama, alikuwa jikoni akikuna nazi. "Baba Nyamvula, mwache kijana wa watu aende zake," alisema bila kupaza sauti. "Hilo neno la nini, na mimi niko hapa?"

"Tulia, Mama Nyamvula. Haya ni mambo ya ufundi."

Neno lenyewe lilikuwa moja tu. Kwao, mahari huzungumzwa na wazee, lakini mnazi, yaani tembo, ni wa msichana. Hupewa kata, akaulizwa mbele ya watu wote: "Mnazi huu tuunywe?" Naye hujibu kwa kinywa chake: "Nyweni." Hapo ndipo anapokuwa mke wa mtu.

Miaka miwili nyuma, wazee walipokwenda Kaloleni kumposa Kadzo, Ngala alikuwa Qatar akilinda lango la watu, likizo hana. Nduguye Mweri akasimama badala yake. Na mnazi ulinywewa, hilo halina ubishi, maana Mweri aliporudi nyumbani Mtopanga usiku ule alibisha hodi kwenye choo cha jirani. Mpiga video naye akakaa na kazi ya watu mpaka wiki hii, ndipo akatoa flashi. Harusi ya kanisani bado walikuwa "wanajipanga", kama nusu ya waumini wenzao.

Kwa hiyo Ngala hakuwahi kulisikia neno lake. Na kule bandarini Kipevu, anakokagua makontena tangu arudi, mwenzake Chrispine hakumpa nafasi ya kupumua. "Wewe mke umeshushiwa kama kontena," alimwambia mbele ya madereva, "na karatasi ya kupokelea huna!" Watu wakacheka mpaka wakaegemea lori. Ngala naye alicheka, lakini roho ilimuuma, na iliendelea kumuuma mpaka nyumbani. Jumapili amewaalika wote waje waone kwa macho yao na wasikie kwa masikio yao. Chrispine amewekewa kiti cha mbele, karibu na spika.

Si kwamba Kimani hakufanya kazi. Asubuhi video ilitoa sauti bila picha. Akaweka programu nyingine ya kuchezea video, picha ikaja safi kabisa: wazee kwenye mikeka, kina mama wamejipanga, na mchungaji aliyegeuza kiti akaipa kata mgongo, asije akaambiwa aliona. Mambo yalikwenda vizuri mpaka swali linaulizwa. Hapo Kadzo hugeuka picha ya ukutani. Ngala, ambaye subira hakuumbiwa, hupeleka video mbele kwa hasira, na papo hapo ni vigelegele na wazee wanafuta midomo. Neno limeliwa katikati.

Kimani alinakili faili upya kutoka kwenye flashi. Kadzo akakwama. Akazima mashine, akaiwasha. Akakwama. Akafungua kifuniko, akapuliza vumbi, akatoa mende wawili, mmoja mzima. Akakwama.

"Shida ni kwamba sekunde zinaenda," Kimani alisema, akionyesha tarakimu chini ya kioo. "Kitu ikihengi, sekunde pia husimama."

"Si ndiyo huyo shetani mwenyewe!"

Kadzo alileta chai. Alimtazama Kadzo wa kwenye kioo, kichwa amekiinamisha upande. "Nilikuwa mwembamba," alisema, akarudi kwenye nazi yake.

Kimani alikunywa chai akifikiri. Kisha akaweka kikombe chini. "Mzee, imebaki njia moja. Hiyo mkono yako ikalie."

"Mkono wako. Nini?"

"Ukalie. Usipeleke mbele. Tuiache ijitatue."

Ngala aliona ni upuuzi, lakini Jumapili ilikuwa kesho kutwa. Akaukalia mkono wa kulia. Kimani akapandisha spika hadi mwisho na kuirudisha video nyuma.

"Kadzo, mwanangu," mzee aliuliza, sauti ikatikisa kabati la vyombo, "mnazi huu tuunywe?"

Kadzo akakwama. Magoti, kata, leso. Mwili wake ulikuwa umejaa karibu kioo kizima, na nyuma yake kipande cha ukuta wa udongo.

Ngala alihesabu kimoyomoyo kama anavyohesabu makontena. Thelathini. Sitini. Spika ilikohoa mara moja.

"Hata spika ina kifua," alisema.

Tisini. Mia. Mkono ukaanza kufa ganzi. Jikoni, mbuzi ya nazi ilikuwa imenyamaza.

"Bado imekwama," Ngala alisema. "Kimani, sema kitu. Si bado imekwama?"

Kimani alikuwa amesogeza uso karibu na kioo, na kidole chake kilinyooka polepole, kikampita Kadzo, kikaenda nyuma yake, pale chini ya ukuta.

Video ilikuwa ikitembea: nyuma ya Kadzo ambaye bado hajajibu, kuku alikuwa akipita na vifaranga wake, akidonoadonoa, hana haraka.