Kopo la Unga wa Bosi

Mke wa fundi baiskeli aliinama kitandani, akamfungua mwanawe mdomo kwa kidole, akanusa. Akanusa tena. Harufu ya maziwa tu. Bosi, mwenye miezi mitano na mashavu ya tajiri, alimcheka mamaye usoni.

"Cheka tu," alimwambia. "Bibi yako nitamkamata."

Ushahidi ulikuwa jikoni. Unga wa uji wa Bosi ulinunuliwa mapema, ili akitimiza miezi sita aanze kula, na kopo lake la plastiki mama mtu alilichora alama ya mkaa kwa nje. Jumatatu unga ulikuwa sawa na alama. Alhamisi ulikuwa vidole viwili chini. Na kila akirudi kutoka kisimani asubuhi, akiwa amewaacha nyumbani mtoto na mama mkwe peke yao, anakuta kijiko kimeoshwa na bado kinachuruzika maji. Panya gani anayeosha kijiko?

Utasema, jamani, uji kidogo una ubaya gani? Muulize mwenyewe. Bosi alipokuwa na mwezi mmoja, mama mkwe alimwonea huruma kwa joto, akampa maji vijiko vitatu. Mtoto akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Wakalala naye kituo cha afya siku tatu, dripu inatiririka. Nesi aliwagombeza wote wawili mbele ya watu: maziwa ya mama tu mpaka miezi sita, hata tone la maji marufuku! Mama mkwe alilia, akaapa hatarudia. Lakini tangu siku zile Bosi akipiga chafya tu, roho ya mamaye inaruka.

Sasa afanyeje? Mama mkwe hakamatwi mkono kama mwizi wa kuku. Neno zito kama lile hupitishwa kwa mdomo wa mtu mwingine, na mdomo wa nesi ulikuwa mpana wa kutosha.

Wakati akisubiri siku ya kliniki, alizidi kufungua macho, na aliyoyaona hayakumpendeza. Mama mkwe siku hizi alilala mchana pamoja na Bosi, wote wawili hoi, kama watu walioshiba. Vitunguu vikikaangwa anatoka nje mbio, eti moshi. Na baba mkwe, mwanamume ambaye maisha yake yote hajawahi hata kurudisha kikombe chake jikoni, ameanza kupasua kuni na kufagia uwanja, tena anapiga mluzi!

"Wameshirikiana," mke wa fundi alijiambia. "Mmoja anakoroga uji, mwingine anafagia ushahidi." Siku za mwizi ni arobaini, na yeye alikuwa anazihesabu.

Jumatatu jioni alimsogelea mama mkwe jikoni, sauti yake asali tupu. "Mama, kesho ni kliniki. Twende wote."

Mwiko ulimponyoka mama mkwe. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia, mama. Nina macho."

Mama mkwe alikaa kwenye kigoda, akajifunika uso kwa kanga. Alimzaa fundi akiwa binti mbichi, na sokoni watu humdhani ni dada wa mkwewe, jambo linalomfurahisha yeye peke yake. Jioni ile hakuwa na furaha yoyote.

"Naona haya, mwanangu," alisema kutoka ndani ya kanga. "Mume wako usimwambie. Nitamwambia mwenyewe." Akashusha pumzi. "Basi, mficha uchi hazai. Twende."

Mke wa fundi alimwonea huruma. Kidogo tu, lakini.

Kesho yake kituo cha afya kilijaa mpaka mlangoni. Watoto wanapimwa kwanza, wajawazito baadaye, na wote wanapigana viwiko kwenye mabenchi yale yale. Mama mkwe alikwenda kukaa mwisho kabisa, ukutani, akiangalia vidole vya miguu yake.

Zamu yao ilipofika, nesi alimtia Bosi kwenye suruali ya mzani, akamning'iniza. Bosi akamkojolea.

"Kilo saba na nusu!" nesi alipaza sauti, huku anajifuta mkono. "Huyu mtoto au mwenyekiti?"

Mke wa fundi alimwinamia sikioni. "Nesi, nisaidie. Mgombeze mama pale. Anamlisha mwanangu uji."

Nesi alikunja uso. Akambonyeza Bosi tumbo, akamkagua macho na ulimi, akaitazama kadi yake mwezi baada ya mwezi.

"Anaharisha?"

"Hapana."

"Ananyonya?"

"Mpaka napiga kelele."

"Basi dada yangu, kama kuna uji nyumbani kwako, huyu haumfikii. Angekuwa anashibishwa uji, wewe usingepiga kelele. Endelea hivyo hivyo."

Mke wa fundi alimnyakua Bosi mikononi mwa nesi. Mwanawe mzima! Akamkumbatia, akambusu, akalia kidogo. Kisha akakumbuka kopo, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Sasa uji wangu anakunywa nani?"

Benchi zima likageuka. Nesi, ambaye hakuwa na muda wa mambo ya uji, aligonga meza kwa kalamu.

"Watoto wamekwisha! Wajawazito, anayeanza kliniki leo aje mbele."

Mama mkwe alisimama ukutani, akakaza kanga, akapita kati ya watu hadi mezani.

"Nisamehe unga wako, mwanangu, kingine chote natapika," alimwambia mkwewe bila kumtazama. "Na mwambie Bosi asogee kitandani. Baba yake mdogo anakuja."