Faili Lililoachwa

Faili lenyewe lilikuwa dogo kuliko barua ya kuomba likizo, lakini mkono wa Lidwina uligoma.

"Hili nalo tunalinakili, dada?" aliuliza Ibra, fundi wa kompyuta. Kwenye kioo lilisomeka neno moja: ORODHA.

"Ngoja kwanza."

Virusi vilikuwa vimeitafuna kompyuta ile wiki nzima. Dawa yake, alisema Ibra, ni kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Kisichonakiliwa kwenye disketi kimekwenda. Mizigo ya ghala, mawakala wa Namtumbo, barua za mbolea, vyote vilikwisha kunakiliwa. Lilibaki hilo moja.

Kampuni ya pembejeo ilikuwa imeuzwa. Mwenye mali mpya alitaka watu wachache, na kwa wiki tatu Meneja Raphael alijifungia ofisini akiandika majina kwa vidole viwili. Siku moja Lidwina, katibu wake, alimpelekea chai akayaona: majina ishirini na moja, kati ya wafanyakazi sitini na wanne. La tatu lilikuwa lake. La tano lilikuwa la Daimu, dereva.

Meneja alimtazama kwa macho mekundu. "Nimewapigania, mama. Nguvu zangu zimeishia hapo."

Lidwina akaipokea kauli hiyo kama pole ya msibani. Meneja akalifunga faili kwa neno la siri, na neno hilo tu ndilo alilolituma makao makuu.

Siku ya Jumanne kiharusi kikamwangusha Meneja. Sasa alikuwa amelazwa, hasemi, hatambui mtu.

Lidwina alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na Songea nzima haikuwa na ofisi iliyokuwa ikitafuta mpiga chapa wa miaka arobaini na mitano.

Nje, Daimu, ambaye Lidwina alikwisha kumnong'oneza habari ya majina yale, alishika nondo za dirisha kama mfungwa aliyekosea upande.

"Dada, wallahi, aliyeiandika hasemi. Nani ataiandika tena?"

"Na wakiniuliza?"

"Sema virusi vimekula. Kwani havili?"

"Polisi hawatahoji virusi, Daimu. Watanihoji mimi."

"Basi nakili. Kesho tupande wote basi la Tunduru, tukaokote korosho za babu yangu."

Nyuma yake wapagazi wa ghalani walijipanga, macho yote kwa Lidwina. Akilinakili, amejifukuza kazi kwa mkono wake, yeye na hao wanaomtazama. Asiponakili, ikagundulika, ni jela.

"Mashine si kama mama mkwe, dada," alisema Ibra. "Ikishafutwa haikumbuki kitu. Niambie."

Lidwina akatazama mlango. Watu. Akatazama dirisha. Watu.

"Hilo liache," alisema. "Futa."

Saa nane kompyuta iliwaka upya, tupu kama ubao siku ya kufungua shule. Saa tisa aliingia Bwana Leo kutoka makao makuu, shati limekunjamana kwa safari, mkononi ana bahasha yenye neno la siri.

"Orodha imeliwa na virusi, mzee," Lidwina alimwambia.

Bwana Leo hakufoka. Aliuliza kama meneja anaweza walau kuandika. Hawezi. Akapiga simu Dar es Salaam, akasikiliza kwa muda mrefu, akaitikia "ndiyo" mara tatu, akakata, akaandika mistari miwili nyuma ya bahasha.

Dirishani Daimu alimkonyeza Lidwina. Mtu mmoja ghalani akaangua kicheko, wa pili akadakia.

"Andika tangazo, mama," alisema Bwana Leo. "Nakusomea."

Vidole vya Lidwina vikatua juu ya vibonye, vyepesi kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Kwa kuwa orodha ya wafanyakazi ishirini na mmoja watakaobakizwa kazini haikupatikana," alisoma Bwana Leo polepole, akimsubiri aandike, "wafanyakazi wote, bila kumbakiza yeyote, wanaachishwa kazi kuanzia leo."