Taa za Daktari

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tatu Machi, pale wazazi walipoambiwa wakae kufuatana na kisomo chao.

Watafiti walikuwa wamejaa ukumbini mwa shule, wamevaa fulana za rangi moja. Wenye shahada wakapewa viti vya mbele. Waliomaliza sekondari, katikati. Fundi umeme, aliyeishia darasa la nne, akaangukia benchi la watoto kule nyuma, magoti yakimgusa kidevu.

“Tunapima kama kisomo cha mzazi kinagusa alama za mtoto katika mtihani wa taifa,” alisema kiongozi wao. “Yaani, kama maji hufuata mkondo.”

“Na mkondo wenyewe nani aliuchimba?” fundi akadakia. “Si nyinyi nyinyi wakubwa?”

Watu wakacheka. Kule mbele jirani yake akageuka, akatabasamu. Mtaa mzima ulimwita Daktari, ingawa hakuwahi kumchoma mtu sindano. Udaktari wake ulikuwa wa vitabu. Nyumba zao ziligawana ukuta, na watoto wao waligawana dawati.

Tabasamu lile lilimkaa fundi kooni kama mwiba.

“Mwaka huu lazima umpite yule mtoto wa Daktari,” alimwambia binti yake nyumbani. “Na nisikuone mlangoni kwao! Ukifaulu watasema ni akili zao.”

Binti alikuwa akikunja nguo. “Sawa, baba. Jioni nitakuwa kwa shangazi, nimsaidie kushona.”

“Na kusoma je?”

“Nitabeba vitabu.”

Basi kila jioni fundi alibaki na meza, na kiti kitupu cha marehemu mkewe. Ng'ambo ya ukuta taa iliwaka, na Daktari akafundisha hesabu polepole, bila kufoka. Fundi alisikia kila neno, asielewe hata moja.

“Haya, mmeelewa?” Daktari aliuliza.

*Mmeelewa!* fundi akabetua midomo. Ana kitoto kimoja tu, anajifanya yuko mbele ya ukumbi.

Wivu hauna macho, lakini una mikono. Mita zote mbili za umeme zilikuwa uchochoroni, na aliyezifunga ni yeye. Jioni moja akalegeza waya wa Daktari. Giza. Akazima na taa zake asije akashukiwa, akakaa kizani akijichekea. Kesho yake akarudia. Na kesho yake.

Daktari akaja kubisha hodi. “Fundi, umeme huu una nini jamani? Mtihani huo umefika.”

“Waulize walio ofisi ya umeme, Daktari. Wakubwa wanakula, sisi tunapapasa.”

Binti naye akaanza kurudi mapema.

“Leo hakuna kushona?”

“Shangazi macho yanamuuma.” Kwenye mkono wa gauni lake palikuwa na tone la mshumaa lililoganda. Fundi akalibandua kwa ukucha, akamwonya asije akajiunguza.

Matokeo yalipobandikwa, watafiti walirudi. Wa viti vya mbele, watoto wao walikuwa juu. Wa benchi la nyuma, chini. Isipokuwa mmoja wa viti vya mbele. Mtoto wa Daktari alikuwa ameanguka, na kiongozi wa watafiti akabaki anakuna kichwa.

Fundi akacheka hadi akashika mbavu. Kisha kidole chake kikashuka ubaoni mpaka chini kabisa, kwenye namba ya binti yake, aliyekuwa akimfuata mtoto wa Daktari kwa karibu darasani, na kicheko kikamwishia mdomoni.

Binti alimkuta uchochoroni, amesimama mbele ya mita.

“Baba, nisamehe. Sikuwa nikienda kwa shangazi. Nilikuwa kwa Daktari. Mama ndiye aliyemwomba anifundishe, kabla hajafa.” Akafuta machozi kwa mkono wa gauni. “Wewe ndiye fundi, hebu niambie. Jioni zote zile, nani alikuwa akituzimia taa?”