Mtoto wa Kampeni

Kila aliyetaka ugavana alipaswa kuwa na mtoto anayesoma shule ya umma na kutibiwa zahanati ya umma hadi siku ya kura. Tume ya uchaguzi ilibandika jicho la kamera ukutani mwa chumba cha mtoto ili kuhakikisha. Mheshimiwa Tsuma, mjumbe wa bunge la kaunti mwenye hoteli tatu, aliwaficha wanawe ng'ambo, akamwandikisha Kadzo, binti wa mpishi wake, kuwa damu yake.

Dama, yule mpishi, alikubali kwa moyo mweupe. Aliamini kwamba mkubwa akionja shida za wadogo atabadilika.

Sasa Kadzo alikuwa na homa kwa siku ya nne, na zahanati haikuwa na dawa.

"Mheshimiwa, tumpeleke hospitali ya kibinafsi unayotibiwa wewe," Dama alimsihi jikoni.

"Zimebaki siku tisa tu, Dama. Nikimpeleka, jina langu linafutwa. Nikipita, zahanati zote zitajaa dawa, haki ya Mungu."

"Siku tisa! Homa nayo inasubiri kura? Basi nitampeleka mwenyewe."

"Kama nani wake?" aliuliza kwa upole, karibu kwa huruma. "Wakijua ulinipa mwanao, mimi na wewe ni jela, naye ni makao ya yatima."

Dama alirudi chumbani na kitambaa cha maji. Kadzo akafumbua macho, akamnyooshea mikono.

"Mama."

Jicho la ukutani liligeuka taratibu, likawatazama.

"Tulia, mtoto mzuri," Dama alisema, akirudi nyuma hatua moja. "Ngoja nimwite mama yako."