Valizi ya Magurudumu Manne

Fulgence alivuta valizi mbili za safari kwa pamoja, moja kila mkono, akazunguka nazo juu ya simenti ya duka kama mtu anayejaribu viatu vipya. Upande wa pili wa vitenge vilivyotundikwa, mkewe Musoki alibana pumzi. Alikuwa amekuja kununua sabuni tu kwenye kibanda cha jirani.

"Papa, usijichokeshe," alisema Dady, mwenye duka. "Hii ya magurudumu mbili ndiyo ya Bunia. Inaruka mawe, inaruka mashimo. Ile ya ine ni ya watu ya Kinshasa. Ukiivuta mu barabara yetu, inakufa siku moja."

"Ya mbili, lazima uiinamishe ndiyo uivute."

"Na kuinama kunaiuma? Weye, valizi iko na mugongo?"

Fulgence hakucheka. Aliikandamiza ile ya magurudumu manne kwa viganja vyote viwili, akailalia kwa uzito wake. Ilisimama vilevile. "Inaweza kubeba kilo makumi ine?"

"Makumi ine! Mu ndege wanakubali kumi. Unahama na ukuta ya nyumba?"

"Nifungie hii."

Sabuni ilimponyoka Musoki mkononi. Hakuinama kuiokota.

Wiki tatu sasa, Mbusa, kaka yake Fulgence, alikuwa akipiga simu kutoka Kisangani: maseremala wanatafutwa huko, njoo. Na siku mbili zilizopita Musoki alimsikia mumewe akijibu nje, karibu na tangi la maji: "Hapana, yaya Mbusa, mimi siwezi tena kuvumilia hii. Juma hii inaisha."

Musoki alijua "hii" ni nini. "Hii" ilikuwa mama yake mzazi, Mama Suzanne, aliyelala chumba cha nyuma tangu walipokimbia Boga. Pikipiki iliyombeba siku ile iliteleza, na miguu yake haikuamka tena. Mikono ilibaki na nguvu. Aliweza kujikokota mpaka ukingo wa kitanda. Kutoka pale, Musoki alimbeba mgongoni: kwenda kuoga, kwenda chooni, kwenda kuota jua barazani. Fulgence alikuwa akigeukia ukutani wakipita. Kwao mkwe hamgusi mama mkwe, wala hamtazami usoni. Hiyo ni heshima, Musoki aliifahamu tangu utoto. Lakini mgongo wake haukuifahamu.

Jioni ile Fulgence alirudi nyumbani mikono mitupu. Valizi hakuitaja, na Musoki hakuthubutu kuulizia. Ukiuliza jambo, huenda likajibiwa.

Baada ya chakula alimwona amesimama mbele ya pazia la chumba cha mama, uso ameuelekeza pembeni, akisema maneno ya chini kwa muda mrefu. Anaaga, Musoki akawaza. Ana adabu, hawezi kuondoka bila kumuaga mkwe wake. Mimi je, ataniaga?

Alipoingia kumfunika mama, alimkuta akifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Alikuambia nini, mama?"

"Mukwe wangu ni mutu ya heshima," mama alijibu. "Lala, mutoto wangu."

Musoki alilala macho wazi. Ikiwa risasi zitafika hapa mtaani Rwambuzi kama zilivyofika Boga, nani ataita pikipiki? Nani atafungua mlango huku yeye amembeba mama? Kando yake Fulgence alikoroma kama mtu aliyemaliza kazi.

Asubuhi hakwenda kwenye karakana yake. "Leo sitoki mapema," alisema, akipiga pasi koti lake la ibada. Haikuwa Jumapili. "Weye nenda soko, Musoki. Usichelewe juu yangu."

Musoki alijitwika beseni la unga akaondoka. Alifika kona ya kisima, akasimama. Alikumbuka kizingiti cha mlango ambacho Fulgence alikisawazisha kwa simenti Jumamosi, kikawa laini kama sahani. Mtu hutengenezaje mlango wa nyumba anayoiacha? Kisha akajijibu mwenyewe: ili kutoka kusiwe na kelele.

Alimwachia beseni mama mmoja aliyekuwa akichota maji, akageuka, akakimbia.

Uani, kando ya mkokoteni wa karakana, kuku walikuwa wakidonoa ndani ya kitu cheusi kilicholala chali, zipu wazi. Hakukiangalia. Masikio yake yote yalikuwa ndani ya nyumba: magurudumu madogo yalikuwa yakisaga simenti, taratibu, yakija mlangoni.

Alipanda barazani akasimama mbele ya mlango, mikono ameitandaza kutoka ubao hadi ubao.

"Fulgence! Kama unaenda, pita juu yangu!"

Mlango ulifunguka. Fulgence alitokea amevaa koti, viatu vimeng'aa, macho ameyakaza barabarani kama msafiri asiyetaka kuangalia nyuma. Mkono wake wa kuume ulikuwa umenyooka mgongoni, umeshika mpini mrefu wa valizi.

"Ondoka njiani, Musoki," alisema kwa upole. "Sioni nyuma, unajua siruhusiwi."

Na nyuma yake, kutoka juu ya kiti kidogo cha mbao mpya, sauti ikasema:

"Polepole, mukwe! Hii ya magurudumu ine inakimbia."